Petroli ya Bi Shemsa

Nilimwita mwanamke mwizi mbele ya watu, saa nane mchana, na wali wake ulikuwa bado wa moto tumboni mwangu. Nalisema hili mwanzo ili usije ukadhani huko mbele kuna mtu mwengine wa kulaumiwa. Hakuna.

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Miembeni, Ng'ambo. Jina langu Msabah. Skuli niliiacha darasa la sita, nikaingia kwenye gereji ya ami yangu, na tangu hapo sijafanya kazi nyengine. Magari mapya yanayotaka kompyuta siyagusi. Lakini mwenye gari kongwe ya kabureta, hata akiwa Nungwi au Makunduchi, akikwama huambiwa, "Ipeleke kwa Msabah." Sifa hiyo nilikuwa naijua, na nikiipenda kuliko chakula.

Na nina mdomo. Mke wangu Salhiya husema mimi naanza kusema, kufikiri baadaye.

Gari yenyewe ni ya Anwar, mwalimu wa skuli, mtu wa Uroa. Korola nyeupe iliyoingia kisiwani yeye hajaanza darasa la kwanza. Kaachiwa na babake. Aliniletea inavuja oili juu ya injini. Nikabadilisha gasketi ya kifuniko, kazi ya saa moja. Kisha nikaiosha injini, maana mimi gari siitoi gerejini na injini chafu. Fundi mwengine huandika risiti. Mimi kuandika si sana, saini yangu ni injini safi. Naziba kwa matambara kila pahala pasipotaka maji, nanyunyiza mafuta ya taa, nasugua kwa brashi, namwagia maji ya mpira mpaka chuma kinameta. Mwenye gari akifungua boneti hucheka peke yake. Anwar naye alicheka, akaenda zake.

Siku kumi baadaye akanipigia simu.

"Fundi, gari inanizimikia."

"Inazima vipi?"

"Ikisimama inanguruma vizuri tu. Nikienda polepole inakwenda. Lakini nikikanyaga mafuta, inakohoa, inatoa moshi, kisha kimya. Jana nilitaka kulipita gari la ng'ombe, nikashindwa. Ng'ombe kanipita yeye."

"Moshi rangi gani?"

"Mweusi, nadhani. Sikutazama sana, nnaona haya. Wale wa gari la ng'ombe walikuwa wananipungia mkono."

Nikamuuliza petroli anatia wapi. Akasema siku hizi anatia hapo hapo Uroa, mezani kwa Bi Shemsa, kwa sababu kituo cha mafuta kiko mbali na kwake.

"Usinambie zaidi," nikasema. "Nshajua."

Gari nilikuwa sijaiona. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu Miembeni, kikombe cha kahawa mkononi, na nshajua.

Alkhamisi nikaenda Uroa. Nilichukua boksi langu la spana na dumu dogo la petroli niliyoinunua kituoni mjini. Kwa hilo dumu utaona kwamba hukumu ilikuwa imeshatoka kabla ya kesi. Anwar alikuwa bado yuko skuli, akaniachia ufunguo kwa jirani yake, na jirani yake ndiye huyo huyo Bi Shemsa.

Ni mjane, amenizidi kama miaka kumi. Meza yake iko mbele ya nyumba, pembeni ya njia inayoteremka diko, pale wavuvi wanapopandishia vyombo vyao. Juu ya meza, chupa za lita moja moja. Chini, kwenye kivuli cha makuti, madumu. Vijana wa pikipiki hununua kwake, lakini wateja wake hasa ni wavuvi wenye mashua za mashine.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, fundi. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Gari hiyo hapo. Ukimaliza kuitazama uje ule, mie nshakuwekea. Mtu hatoki mjini akarudi na njaa kwangu."

Nikafungua boneti. Nikaivua eyakilina, lile sufuria la bati la duara linalokaa juu ya kabureta na kuchuja hewa. Lina pua ndefu inayotazama mbele ya gari, na kwa pua hiyo injini huvuta pumzi. Nikaliweka chini juu ya gunia. Nikatoa plagi moja nikaitazama. Ilikuwa nyeusi tititi, kama kitako cha sufuria ya kuni.

Hapo nataka nisimame kidogo. Plagi nyeusi maana yake injini inapata mafuta mengi na hewa haba. Hilo nilifundishwa na ami yangu nikiwa na miaka kumi na nne. Maji kwenye petroli hayaifanyi plagi nyeusi. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu, na nikairudisha plagi mahali pake kwa sababu haikusema nilichotaka kusikia.

Nikatoa petroli kidogo iliyokuwamo kwenye kabureta, nikaitia kwenye chupa ya kioo, nikaiweka juu ya ukuta itulie. Maji yakiwamo hushuka chini, utaona mstari. Kisha nikaenda kula.

Ulikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka, na pilipili ya ndimu. Bi Shemsa aliniwekea mkeka barazani, akaninawisha mwenyewe, birika mkono wa kulia, bakuli mkono wa kushoto. Alikuwa akiniuliza habari za mjini, na mimi nikijibu mdomo umejaa. Nilipomaliza akaninawisha tena, mara hii kwa sabuni, maana ule mchuzi wa kupaka una mafuta.

"Ngoja nikuletee taulo," akasema.

Sikungoja. Nje nilishasikia sauti. Watu wametoka kula, wanateremka diko, wameiona boneti iko wazi wakasimama. Walikuwa kama kumi hivi. Mbele yao Borafya, nahodha, mtu mfupi mpana, ana mashua ya mashine na mabaharia watano.

"Fundi mkubwa kaja," akasema Borafya. "Haya, mgonjwa ana nini?"

Nikaichukua ile chupa ukutani. Petroli ilikuwa safi, rangi moja juu mpaka chini, mstari hakuna. Ningeionesha chupa, mambo yangekwisha pale pale. Lakini chupa haina maonesho, na mimi nilikuwa na watu kumi wananitazama.

"Njooni muone wenyewe," nikasema. "Petroli nzima ukiitia kiganjani hukauka, inakuachia baridi tu. Ya maji huacha maji."

Nikaimimina kiganjani. Nikapuliza. Petroli ikaruka, na kwenye mistari ya kiganja vikabaki vitone, vinang'aa juani kama shanga. Nikainua mkono juu wauone wote.

"Nyinyi wavuvi, maji mnayajua. Hii nini?"

"Maji," akasema mmoja.

"Maji! Mwalimu wa watu anatoa pesa zake anatiliwa maji. Huu ni wizi, sina jina jengine. Na nyinyi mnakwenda nayo nje ya mwamba. Siku mashine ikizima huko, msije mkasema hamkuambiwa."

Bi Shemsa alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi.

"Fundi," akasema taratibu, "unamsema nani?"

"Namsema aliyeuza."

"Aliyeuza ni mimi."

"Basi nshamaliza."

Aliutazama mkono wangu. Kisha akaitazama taulo. Akaingia ndani. Nikawaambia wale watu, "Mmeona? Hana la kusema."

Kisha nikamwaga mafuta yote yaliyokuwamo, nikatia yangu ya mjini, nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga. Gari ililia mpaka kuku wakakimbia. Haikukohoa hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Borafya akatikisa kichwa, akasema, "Na mie juzi mashine yangu ilinisumbua, nikadhani ni plagi." Nikashuka, nikairudisha eyakilina juu ya kabureta, nikakaza nati, nikafunga boneti. Sikuiwasha tena. Ya nini, na sifa nshapewa?

Siku ya pili Anwar akapiga simu. Gari imemzimikia njia ya Tunguu, na ndani ina petroli yangu.

"Uchafu wa yule mama umebaki kwenye tangi," nikamwambia. "Lioshe."

Akaliosha. Ikazima tena. Nikamwambia alioshe mara ya pili.

Baada ya wiki mbili akaileta mwenyewe gerejini, gia ya pili kutoka Uroa mpaka Ng'ambo, nyuma yake msururu wa magari yanampigia honi. Alishuka amechoka kama aliyeisukuma.

"Na huko kwenu?" nikamuuliza.

"Bi Shemsa kaondosha meza. Wavuvi wote siku hizi wanafuata mafuta Chwaka. Borafya kasema hawezi kutia roho sita kwenye mafuta ya wasiwasi. Watoto wakimuona wanamwita Bi Maji."

"Wanamwita nani?"

"Bi Maji. Nishawapiga marufuku skuli, lakini njiani siwawezi. Mama yangu anasema hata kwenye kisomo cha juzi alikaa peke yake pembeni."

"Ajifunze," nikasema.

Nilisema hivyo. Neno moja tu, nalikumbuka, na nikilikumbuka mpaka leo nafumba macho.

Anwar akaenda Darajani kwa haja zake, nikabaki na gari peke yangu. Nikaivua eyakilina, nikaiwasha, nikakanyaga. Ikanguruma kama siku ile Uroa. Nikairudisha eyakilina, nikakanyaga. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikaivua tena. Ikanguruma. Nikairudisha. Ikazima.

Nikaiweka ile eyakilina mapajani, nikatia vidole viwili kwenye pua yake. Vikagusa kitu laini.

Nilivuta kitambaa, kikatoka polepole, kirefu, kimekunjwa vizuri. Ni kipande cha kanga, zambarau na nyota za manjano. Hakuna mtu Ng'ambo asiyeijua kanga ile, na zaidi kuliko wote mimi, kwa sababu ndiyo sare waliyovaa wanawake wa kwetu kwenye arusi ya mwanangu Ilham. Salhiya aliiagiza makusudi, korja nzima, doti ishirini. Doti moja iliingia mafuta ya pilau, akanipa niifanye matambara ya kazi. Na mimi siku ya kuosha injini nilichana kipande, nikaziba ile pua ili maji yasiingie. Sikukitoa. Gari ikawa inapumua kwa tundu la sindano: ikisimama hewa inaitosha, ikikimbia inakosa roho.

Kitambaa changu, mkono wangu, saini yangu.

Ungedhani nilitoka mbio nikaenda Uroa. Nilikitia kitambaa mfukoni. Anwar aliporudi nikamwambia, "Pampu ya mafuta. Ngozi yake ya ndani ilichoka. Nshaitengeneza." Akaijaribu mpaka Amani na kurudi, akashuka anacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo petroli haikuwa na kitu?"

"Ilikuwa na maji," nikasema. "Mambo mawili yalikutana."

Akaniombea dua. Nikaitikia amin.

Na hilo la maji nililishikilia kweli, si uongo tu wa kumwambia Anwar. Kila kitambaa kilipoanza kunisema, nilijiambia: sawa, lakini maji niliyaona. Yalikuwa kiganjani mwangu. Watu kumi waliyaona. Kwa hiyo mama yule naye ana lake. Siku nne nilikula na kulala juu ya vitone vile.

Siku ya tano Salhiya alikuwa anafua suruali zangu za kazi uani, akaingiza mkono mfukoni.

"Hii si sare ya Ilham?"

"Kitambaa cha kazi hicho."

"Cha kazi, na hakuna ulichokifuta? Kimekunjwa hivi, unatembea nacho mfukoni kama barua. Una nini wewe? Tangu Jumaapili hata kutukana hutukani."

Nikamwambia yote, nimesimama, naye amechutama mbele ya beseni. Alisikiliza huku anakamua suruali, anaikamua, mpaka hakuna tena maji ya kutoka.

"Ulikula kwake?"

"Nilikula."

"Alikupikia nini?"

"Wali wa nazi. Na changu."

Akaitundika suruali kwenye kamba. "Na bado uko hapa," akasema.

"Lakini maji yalikuwamo, Salhiya. Niliyaona kwa macho yangu."

"Mie sijui magari. Nnajua umekula changu wa mtu."

Kesho yake nikaenda Uroa. Niliikuta meza imeegemezwa ukutani, miguu mbele, kuku kalala chini yake. Bi Shemsa alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, kwani hilo haliachwi, lakini hakusema nikae. Nikasimama kizingitini, nikatoa kitambaa mfukoni, nikamueleza, tangu ile korja ya sare ya arusi. Nilieleza vibaya, narudia rudia, nikitaja pua ya gari na plagi kama kwamba yeye ndiye anayejifunza ufundi.

"Kwa hivyo nimekuja kutaka radhi," nikasema. Hapo ningenyamaza. Mdomo huu haukuninyamazia. "Ila yale maji, Bi Shemsa, sijui. Labda huko ulikoyanunua mafuta..."

Aliacha kusuka.

"Msabah, siku ile ulipomaliza kula, nani alikunawisha?"

"Wewe."

"Ulijifuta?"

Niliutazama mkono wangu, kwa nini sijui, kana kwamba bado umerowa.

"Nilikwenda kukuletea taulo," akasema. "Narudi, nakukuta umeinua mkono, maji ya birika langu yanakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, unawaambia watu nimewauzia bahari."

Nina miaka hamsini na moja, na nilitamani mama yangu aje anitoe pale kwa mkono.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Nseme nini? Mgeni kala kwangu, sahani yake haijaoshwa, nitoke nje nimfedheheshe? Nikasema, huyu ni fundi, atakumbuka mwenyewe akifika njiani. Nikangoja. Siku ya pili nikangoja. Kisha nikasikia mtoto ananiita Bi Maji." Akauchukua tena ukili wake. "Baadaye nilipotaka kusema, nani angenisikiliza? Wangesema najitetea."

"Nisamehe, Bi Shemsa."

"Ulinisema hapa ukumbini?"

"Hapana."

"Basi hapa radhi haipo. Iko ulikoiacha."

Nikateremka diko baada ya Alasiri. Bi Shemsa alikuja nyuma yangu amejitanda kanga, ameshika chupa moja ya petroli aliyobaki nayo, akasimama mbali kidogo. Wale watu walikuwapo karibu wote, wanaisukuma mashua ya Borafya. Anwar naye alikuwapo, amekuja kununua samaki.

"Karibu fundi!" akaita Borafya. "Leo umekuja kumkamata nani?"

Wakacheka. Nikatoa kitambaa, nikakishika kwa ncha mbili.

"Gari ya Mwalimu haikuzimwa na petroli," nikasema. "Ilizimwa na hiki. Nilikitia mimi kwenye pua yake nikaosha injini, nikasahau kukitoa."

Kijana mmoja akasema, "Kumbe Mwalimu gari yako imevaa kanga siku zote hizi!" Na mwengine: "Ilikuwa inakwenda arusini, ndio maana haina haraka!" Wakaanguka kwa kicheko, hata Anwar. Nikacheka na mimi. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilidhani yamekwisha, kwamba nitatoka hapo kwa mzaha.

Borafya hakucheka.

"Na maji?" akauliza. "Mie niliyaona. Kwa maji hayo nimemwacha Bi Shemsa niliyenunua kwake miaka saba. Yalitoka wapi?"

Nilitazama mchanga.

"Nilikuwa nimetoka kula kwake. Kaninawisha, sikujifuta."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja akasema "Lahaula" kwa sauti ya chini, akageuka akatazama mashua. Nilitamani waendelee kucheka.

"Fundi," akasema Anwar, "na pampu?"

"Hakuna pampu."

"Uliniambia pampu. Nimekuombea dua juu yake."

"Nilikudanganya, Mwalimu."

"Wanafunzi wangu hunidanganya kila siku," akasema. "Lakini wao wana miaka tisa." Akachukua samaki wake akaondoka.

Borafya akaupangusa mkono wake kwenye shati, mbele na nyuma, tena na tena, akitutazama. Akaenda kwa Bi Shemsa, akamwomba chupa kwa adabu, akamimina kiganjani, akapuliza. Kisha akampitishia kila mtu kile kiganja, mmoja mmoja, na mimi akanipitishia wa mwisho. Kikavu, kama karatasi.

"Bi Shemsa," akasema, "kesho tunatoka alfajiri. Nataka lita ishirini."

"Sina. Nshaacha kuleta."

"Lete. Nitangoja mpaka kesho kutwa."

Wengine wawili wakasema nao watachukua. Wengine wakarudi kusukuma mashua. Mmoja akanung'unika kwamba yeye keshazoea Chwaka. Neno langu lilikuwa limechukua dakika tano kuingia kijijini, na nikaona pale pale kwamba halitatoka kwa dakika tano.

Nikamgeukia Bi Shemsa. "Radhi," nikasema.

"Nshakupa," akajibu. "Kitambaa nipe."

Nikampa. Nilidhani atakitupa. Tulipanda pamoja mpaka kwake, nikaisimamisha meza mwenyewe, nikamfukuza kuku. Yeye akaichukua ile sare ya arusi ya mwanangu, na nyota zake za manjano na masizi yake, akaifunga kwenye nguzo ya makuti juu ya meza, mafundo mawili.

"Atakayeuliza nitamwambia," akasema. "Mie sina mdomo kama wako. Kitanisemea hiki."

Ilikuwa saa kumi na moja, na ndani kulikuwa na harufu ya samaki anayekaangwa. Hakuniambia nile. Nikatembea mpaka barabarani kungoja gari ya mjini.

Tangu siku hiyo ni miezi minane. Wateja wake wamerudi, si wote. Nikiitwa upande wa mashariki napita kwake kununua lita moja nisiyoihitaji, na kila mara pana mgeni anayeuliza kitambaa kile cha nini, na Bi Shemsa anaeleza mwanzo mpaka mwisho, mimi nimesimama pale pale na chupa mkononi. Hanitaji jina. Huninyooshea kidole tu.

Juma lililopita niliona jua na chumvi vimekimaliza. Zambarau imekuwa kijivu, nyota hazionekani, pembe moja imechanika inapepea.

"Bi Shemsa," nikasema, "kitambaa kimeoza hicho."

"Nnakiona."

"Si tukitoe sasa?"

Alikuwa anamimina petroli kwenye faneli, hakuinua uso. "Kitoe uniletee chengine," akasema. "Si mlinunua korja nzima?"

Nilipofika nyumbani nikamwomba Salhiya. Hakuniuliza cha nini. Alifungua kabati, akatafuta chini ya nguo zake, akanipa kipya, kimekunjwa, hakijafuliwa hata mara moja.